Mtu wa Ndani ya Ubao

Casimir Dudek, ambaye hapa Coldbrook tunamwita Caz tu, amepandisha namba kwenye ubao wa matokeo wa timu yetu ya besiboli kwa miaka thelathini na moja. Ubao wenyewe ni kibanda kirefu cha mbao mwisho wa uwanja, na Caz huingia humo kama anaingia stoo ya kwake, na kahawa yake na mkate wa soseji. Timu ikipata pointi, anafungua dirisha dogo, anatundika kibao cha namba, analifunga. Funguo anazo yeye peke yake. Mimi nakata tiketi getini, na nyumba zetu zinatazamana, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko anavyopenda.

Jumapili iliyopita tulipiga kura kama Royce Tillman arudishwe kuwa kocha, na nina hasira mpaka leo.

Klabu hii ni mali ya watu wa mji. Kila nyumba ina karatasi ya hisa ukutani, karibu na picha ya Papa. Mwaka juzi Tillman alitupa ubingwa, na kabla ya hapo alikwisha kututia mfukoni sote. Alikuwa anajua jina la mama yako na goti lako linalouma. Aliposikia Caz anakohoa, alimletea mtu, Lonnie, mdakaji mstaafu wa miaka hamsini na kitu.

"Kwa kifua hicho, Caz, utatufia humo ndani," alimwambia. "Lonnie atakufungulia dirisha upate hewa."

Caz alifurahi, hajapata kuona kocha mwenye huruma vile. Mke wake, Irena, akawa anampikia Lonnie pierogi, maandazi yetu ya kuchemsha, kila mechi. Lonnie alikaa pembeni na darubini, akisema anapenda kuutazama mchezo kwa karibu, na mkono mmoja ulikuwa kwenye dirisha la mwisho. Analifungua, analifunga. Eti hewa!

Mwezi wa Juni akaja Teddy, mtoto wa pekee wa Caz, mrushaji wa timu ya ng'ambo ya mto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurusha mbele ya watu wa kwao. Kila alichorusha, vijana wetu walikipiga utadhani wamekiagiza. Pointi tisa katika kipindi kimoja. Caz alitundika hiyo tisa dhidi ya mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, na wiki ileile timu yake ikamtema Teddy.

Tillman alimkuta Caz nyuma ya ubao analia. Akamshika bega.

"Ni glavu, Caz. Akitaka kurusha mpira wa taratibu, anaiinamisha. Wapigaji wote wanaona. Mwambie, itamsaidia."

Caz akamwambia, mezani kwao, kabichi ikiwa bado ya moto. Teddy alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kisha akainuka bila kumaliza kula. Sasa anaezeka mapaa huko Ohio, na Krismasi mbili hajaonekana.

Msimu ulipokwisha, ligi ikagundua mchezo mchafu. Mdakaji, anayechutama nyuma ya mpigaji, humwonyesha mrushaji wake kwa vidole ni mpira gani utakaofuata. Lonnie alikuwa anavisoma vidole hivyo kwa darubini, na dirisha linawaambia wapigaji wetu. Likiwa wazi, mpira wa taratibu. Likifungwa, wa kasi. Tillman akafungiwa mwaka mzima. Gazeti likaandika kwamba alisaidiwa na "mtu aliyekuwa ndani ya ubao", basi, jina hakuna.

Caz alikuja jikoni kwangu na gazeti mkononi. "Wanda," alisema, "si alikuwa ananipa hewa?"

Bila Tillman tukashika mkia, na watu wakaanza kumkumbuka. Adhabu amemaliza, walisema, mnataka nini tena? Jumatano kabla ya kura akaja mwenyewe kwa Caz. Mimi nilikuwepo, nimerudisha sinia ya Irena.

"Ukisimama wewe kunitetea, Caz, wote watanyamaza."

"Ile glavu," Caz alisema. "Ulikuwa unajua ni uongo?"

Tillman aliichezea kofia yake. "Ulikuwa unalia, Caz. Ilibidi nikwambie kitu."

Nilitamani kumtandika na ile sinia.

"Basi mpigie Teddy," Caz alisema. "Mwambie haikuwa glavu. Kabla ya Jumapili. Ukimwambia, nasimama."

"Nakuahidi, rafiki yangu."

Jumapili, baada ya misa, ukumbi wa zimamoto ulijaa mpaka mlangoni. Caz alisimama katika suti yake ya mazishini.

"Kocha, umempigia?"

"Wiki ilinibana, Caz. Kesho, bila kukosa."

"Basi kura yangu ni hapana," Caz alisema, akakaa.

Niliinua mkono kwa hapana pamoja naye, na Irena, na wengine wachache. Binamu yangu Chester, ambaye kila Krismasi anakula kwa Caz, aliuinua wa ndiyo juu kabisa.

"Usinitolee macho, Wanda. Unataka tufungwe tena mwaka mzima?"

"Nataka ukose usingizi mwaka mzima."

Tillman alishinda kwa mbali. Caz akatoka nje, nami nikamfuata. Kando ya gari la zimamoto alimpigia Teddy mwenyewe, simu akaiweka sauti ya juu kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri.

"Teddy, haikuwa glavu yako. Kocha alinidanganya. Ni Lonnie na darubini yake, mimi sikujua."

Teddy akauliza, "Lonnie ni nani?"

"Nilikuwa naye ndani ya ubao."

"Baba, mimi dirisha nililiona. Kila nikigeuka nyuma, linafunguka, linafungwa. Halafu ukakaa mezani ukaniambia glavu." Tulimsikia akivuta pumzi. "Funguo ni zako, Baba. Muda wote huu nilijua ni wewe."

Caz aliegemea gari. Ndani walikuwa wanampigia Tillman makofi.