Miiba Mbele ya Ua wa Bibi Robhi

Kuna asubuhi moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na si kwa sababu ilikuwa njema. Keti hapa nikusimulie. Jana nilikuona ukipita na pikipiki yako katikati ya akina mama waliokuwa wanatoka sokoni, nikaona na jicho ulilowatazama nalo. Jicho lile nalijua. Lilikuwa langu.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, Tarime ulikuwa mji mdogo, lakini njia ya kutoka kwetu Nyamisangura kwenda sokoni ilijaa watu hasa. Siku ya gulio wanawake walipita na mizigo kichwani, wachungaji na ng'ombe wao, wauza vitambaa na marobota yao. Mahali pamoja njia ilibanwa sana. Upande mmoja palikuwa na mtaro, upande wa pili ua wa minyaa wa Bibi Robhi, mjane mmoja mzee aliyeishi na mjukuu wake wa kike. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nina baiskeli mpya, na baiskeli zenyewe mtaani kwetu hazikuzidi tatu. Nilipiga kengele tu nikapita. Kupunguza mwendo niliona ni kujishusha.

Siku moja nilimparaza Bibi Robhi bega pale penye ua wake. Kikapu kikaanguka, viazi vikatawanyika hadi mtaroni. Sikusimama. Nikamsikia nyuma yangu, "We mura, we kijana, njia hii hukuichimba wewe!" Watu wakacheka, na kicheko kile kikanikaa moyoni.

Wiki ile ile nikapata pancha, mbele ya ua wake. Baada ya siku tatu nyingine, pale pale. Kisha ya tatu. Nikaisukuma baiskeli hadi kwa Mzee Saidi, fundi aliyetoka pwani na kuoa huku kwetu. Akauchomoa mwiba kwa koleo, akauweka kiganjani mwangu.

"Mwita, huu ni mwiba wa mgunga," akasema. "Pale kwenye mtaro sijawahi kuona mgunga."

Akaendelea kupaka gundi kwenye kiraka. Yaliyobaki niliyajaza mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo kila alichofanya yule bibi kilikuwa ushahidi. Akininyamazia, anaficha jambo. Akiniitikia salamu, ananikejeli. Akilitazama gurudumu langu, anapima pa kutoboa. Nikawaambia rika langu, nao wakawaambia mama zao. Haukupita muda wanawake wakaanza kuharakisha wakifika penye ule ua, na mjukuu wake akakosa wa kwenda naye kisimani. Nikasikia mtu anasema bibi yule ni mchawi. Mimi sikuwa nimelitamka neno hilo, mwanangu, lakini sikulikanusha. Nilinyamaza, na moyoni nikafurahi kidogo. Hilo nalo lazima nikuambie.

Basi asubuhi hiyo niliyoanza kukuambia, nilijificha kwenye shamba la mtama lililotazamana na ua wake, ng'ambo ya mtaro. Jua lilikuwa limechomoza. Bibi Robhi akatoka, akasimama, akatazama huku na huku. Kisha akainama njiani na kupapasa chini, akasogea, akapapasa tena. Nikaona ngumi yake ya kulia imefumba kitu.

Niliruka mtaro. "Nimekukamata leo!"

Nikamshika mkono na kuupinda ili afumbue. Nikasikia sauti ndogo, kama bua kavu linapokatika. Kiganja kikafunguka. Ndani yake mlikuwa na miiba mitano au sita. Bibi hakupiga kelele. Alikaa chini tu, akaukumbatia ule mkono.

Watu wakajaa. Mmoja akauliza kuna nini, nikamwonyesha miiba kwa majivuno kabisa.

"Naiokota," Bibi Robhi akasema, pumzi zinamkatika. "Mjukuu wangu ilimchoma mguu juzijuzi. Kila asubuhi naiokota, watu wasije wakaikanyaga."

"Wote mnaokamatwa husema hivyo," nikamjibu.

Hakuna aliyemtetea. Shaka niliyoipanda mwenyewe ilikuwa imeshakomaa kwa kila mmoja pale.

Baba yangu akafika. Hakuniuliza mimi wala yeye. Aliichukua ile miiba akaitazama, akatazama na ule ua, ambao upande wa njiani ulikuwa umekwaruzwa, vijitawi vikavu vya mgunga vimenasa ndani yake. Akaanza kutembea kurudi kwetu, macho chini. Kila baada ya hatua kadhaa aliinama kuokota mwiba. Sisi wote tukamfuata. Alipita nyumba ya jirani, akapita kisima, akaishia kwenye zizi letu la ng'ombe. Zizi hilo mimi ndiye niliyelizungushia matawi ya mgunga wiki mbili kabla ya siku ile.

"Mura, matawi haya uliyaletaje?"

"Kwa baiskeli, tata. Niliyafunga kwenye keria, kule nyuma."

"Ncha zilikuwa wapi?"

Zilikuwa zinaburuzika nyuma yangu njia nzima. Na pale njia inapobanwa zilikuwa zinakwama kwenye minyaa, nami navuta kwa nguvu ili zikwanyuke. Baba hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alisema, "Umevunja mkono wa mtu aliyekuwa anasafisha uchafu wako," akaniacha nimesimama mbele ya wale watu wote.

Mkono uliungwa na mzee mmoja mtaalamu wa mifupa, lakini ulipona umepinda. Kwa mavuno mawili nilimchotea maji, nikamkatia kuni, nikamlimia. Vijana wenzangu walinicheka, nikawaacha wacheke. Nilizunguka pia nyumba kwa nyumba kufuta lile neno la uchawi. Mwanangu, kulisambaza kulichukua siku chache tu. Kulifuta, sina hakika kama nilimaliza. Bibi Robhi alisema amenisamehe, akaja hata kwenye harusi yangu na kumwombea heri mke wangu. Ila mpaka anakufa, kila nilipomkaribia, aliuficha ule mkono nyuma ya mgongo wake.

Kwa hiyo nakuomba haya. Wewe ndiye mwenye magurudumu, basi wewe ndiye wa kupunguza mwendo kwanza. Pakibana, shuka usukume. Ukipatwa na jambo baya njiani, kabla ya kumtafuta adui, rudi nyuma uangalie ulichodondosha mwenyewe. Ukiwa na shaka na mtu, mwendee ukamuulize mchana, kwa heshima, kabla hujamwambia mtu wa tatu. Na hata ukiwa na hakika, usitangulize mkono.

Nimemaliza. Mungu akufikishe salama kila unakokwenda, mwanangu, na wale utakaowakuta njiani wafurahi kukuona ukija.