Pua ya Bi Sayyida

Mimi, Noel, ni Mgoa mzaliwa wa Unguja niliyehamia Maskati kutafuta riziki, na ugonjwa wangu ni nyuso za watu. Mchana nilikuwa naandika mabango ya maduka, jioni nachora nyuso. Tangu utoto, mtu akinisalimia simjibu mpaka nimkague kidevu. Pale kwenye taa za barabarani Qurum, bwana mmoja alishuka garini kuja kuniuliza namtazamia nini mkewe. Nikamwambia mimi msanii. Akalitazama gari langu kuukuu, akaniamini.

Basi mwaka 1998 jirani yangu wa Ansab, Bi Shaikha, akanijia na shida. Presha ya macho ilikuwa inamla, na daktari keshamwambia atapofuka.

"Noel, nnataka kumuona mama yangu kabla macho hayajazima. Picha hana hata moja, alikuwa hataki kupigwa."

Mamake, marehemu Bi Sayyida, alikuwa mtu wa Qurayyat, huku huku Omani, aliyeolewa Unguja.

Kichwa kikanivimba! Nani Maskati nzima anazijua nyuso kunishinda mimi? Nikamkalisha, nikamhoji kama polisi: pua vipi, mdomo vipi, kidevu vipi. Yeye anajibu, mimi nachora. Nikimaliza, anaisogelea picha mpaka rangi inamgusa shavu.

"Siye, baba."

Nafuta, naanza upya. Miezi ikapita, macho yake yanazidi kufifia, nami naona haya hata kupita mlangoni kwake. Pua ndiyo iliyonitoa jasho. Siku niliyoipata nilijipongeza kwa halua, peke yangu, sahani nzima. Nikampelekea. Akatazama, akalia, na si kwa furaha.

"Mzuri, mashaallah. Lakini nani huyu?"

Hapo nikakata tamaa, nikauliza swali ambalo asiyejua kushika brashi angeanza nalo: "Mamako akiingia mlangoni, ulikuwa unaona nini kwanza?"

"Barakoa yake, ile ya kufunika paji na pua. Ya rangi ya nili, imepauka hapa puani. Akivua akitawadha na akilala tu."

"Lahaula! Mbona hukunambia?"

"Umeniuliza pua. Nguo hukuniuliza."

Hodari wa nyuso mimi! Nikarudi nyumbani, nikaipaka nili juu ya paji, nikashuka nayo juu ya pua ile, pua bora niliyopata kuchora maishani, huku roho inaniuma kama nazika mtu. Yakabaki macho, mdomo na kidevu.

Bi Shaikha akaisogelea, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama! Umekuja, mama."

Akakaa nayo mapajani mpaka chai yetu ikapoa. Kisha akanigeukia.

"Na ile pua yako, ipo huku chini?"

"Ipo, Bi Shaikha."

"Basi muache nayo. Hiyo ni yake mwenyewe."