Wokovu wa Mama Mdogo

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, katikati ya miaka ya tisini, nilikaa shamboni upande wa Lupiro na mama na mdogo wake. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Bonde zima lilikuwa maji. Tulilala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na alfajiri ukungu ulipofunika mpunga nilihisi naelea, sijui nimeamka au bado naota.

Mama alikuwa Mkatoliki wa rozari na kufunga. Mama mdogo alikuwa ameokoka. Walibishana wakipepeta mchele, taratibu, bila ugomvi.

"Wokovu ni zawadi," mama mdogo alisema. "Haununuliwi kwa matendo, wala hauporwi."

"Na zawadi ukiitupa mwenyewe mtoni?" mama akamuuliza.

Kisha ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma wakaingia shambani kwa mama mdogo, wakakanyaga mpunga karibu wote. Kesho yake, mama akiwa ameenda Ifakara kununua chumvi, alikuja mwanamke wa Kisukuma na mtoto mgongoni anayewaka homa. Alitoa shikamoo, akaomba avushwe kwa mtumbwi wetu aende zahanati.

Mama mdogo hakuitikia. "Waambie ng'ombe wenu wakuvushe," alisema.

Yule mwanamke aligeuka, akafuata ukingo, maji yakimfika kiunoni, mpaka matete yakamficha. Mimi nami niliendelea kupepeta mchele.

Tangu hapo mama mdogo aliacha kuimba mapambio aliyozoea kuimba kila asubuhi. Mama aliporudi na kuelezwa, hakumgombeza.

"Dada, wokovu umenitoka," mama mdogo alisema. "Niliusikia kama mtu anayeshuka ngazi ya dungu."

"Basi chukua upondo wa kusukumia mtumbwi, twende," mama akajibu.

Tulikwenda sote watatu. Mtumbwi ulipita juu ya mpunga uliozama, nami nikautazama chini ukiyumba kama nywele. Tuliulizia njiani mpaka tukamkuta yule mwanamke nje ya nyumba yake, akimnywesha mtoto uji. Wavuvi walikuwa wamemwokota njiani, wakamvusha hadi zahanati. Mama mdogo alipiga magoti kwenye tope akaomba msamaha.

"Siku ile nilikuombea mabaya," yule mwanamke alisema.

"Ulikuwa na haki."

Yule mwanamke akampa mtoto ampakate.

Msimu ule wote mama mdogo alivusha kila aliyefika, hata wachunga ng'ombe. Siku moja nikamuuliza kama anautafuta wokovu wake.

"Hapana," alisema. "Nafikiri haukutoka, ndiyo maana sikupata usingizi. Lakini sijui, mwanangu. Navusha watu kwa sababu wanataka kuvuka."

Mama hakukubali. Alishikilia kwamba ulitoka, ukarudi kwa magoti yale. Waliendelea kubishana hivyo mpaka maji yakapungua, nami nikijilaza pembeni, mtoto akicheza tumboni, nikizisikiliza sauti zao mbili hadi nikashindwa kuzitofautisha.