Ndara za Mwanangu Mlangoni pa Zahanati

Nilimbeba mwanangu nikampandisha juu ya meza ya dresa, msafisha vidonda wa zahanati, na ndara zake miguuni. Dawa ya zambarau ikamwagikia daftari. Dresa akaruka nyuma. Nikamwambia, "Miguu ndiyo hiyo. Itibu hapo hapo."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na hasira ile nilikuwa nayo tangu tulipomaliza kuvuna mpunga.

Tulikaa pembeni mwa Ifakara. Mtoto, binti wa miaka mitano, funza walikuwa wamemla vidole na visigino mpaka akawa anatembea kwa ubavu wa mguu. Zahanati ilikuwa na sharti: viatu vyote vivuliwe nje, sakafu ya saruji isichafuke. Na hapo nje, tunaposubiri, ni vumbi tupu lenye funza. Basi ndani wanatolewa, nje wanaingia wengine, wiki ijayo tunarudi.

Ndara alishonewa na baba mkwe wangu. Aliloweka ngozi ya nyati mpaka ikalegea, akamsimamisha mtoto juu yake, akakata kwa kufuata wayo. Ndani alitandika ukindu uliosukwa, laini, vidonda visiguse ngozi. Kisha mtoto alikalishwa kivulini, ngozi bado mbichi imefungwa mguuni, mpaka ikashika umbo la mguu wake. Viatu vya dukani nimevivaa shuleni. Havikunikaa hivyo hata siku moja. Mtoto akaacha kulia akikanyaga.

Kosa lilikuwa moja. Mzee alizipaka mafuta ya kiboko ili zisikakamae. Jozi ya kwanza mbwa waliichukua pale pale mlangoni pa zahanati. Ya pili pia.

Kwetu mkwe hakosolewi uso kwa uso. Nikapitishia neno kwa mama mkwe: "Mama, mwombe baba ajaribu mafuta ya ufuta."

Jibu likarudi kwa njia ile ile. "Baba yako anasema ngozi ya mnyama inataka mafuta ya mnyama. Ufuta ni wa mboga."

Akashona jozi ya tatu, akaipaka kiboko. Nikapokea kwa mikono miwili, nikapiga magoti, nikashukuru. Ningefanya nini?

Asubuhi ile nikajaribu kumvusha mtoto mlangoni akiwa amezivaa.

"Vua," akasema dresa.

"Mbwa watazichukua, kaka. Hii ni jozi ya tatu."

"Mama, umemvalisha mtoto kitoweo, unataka mbwa wafanyeje?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Angekuwa mtoto wa mwingine, na mimi ningecheka.

"Basi nizibane kwapani."

"Zinanuka. Nje!"

Ndipo nikampita, nikampandisha mtoto mezani. Miguu aliitibu, maana akina mama walikuwa wanatazama, ila hakunyamaza. "Una neno, andika. Si mmesomeshwa nyie?"

Nilikuwa nimefika darasa la kumi. Mchana huo huo nikaandika kwa mganga wa serikali aliyekuwa mkubwa wake, nikapeleka mwenyewe:

"Bwana Mganga,

Nalalamika juu ya sharti la kuvua viatu mlangoni pa zahanati. Binti yangu anatibiwa funza. Kila akija anasimamishwa peku katika vumbi lenye funza, na ndara zake zimeliwa na mbwa mara mbili. Sakafu yenu ni safi. Miguu ya watoto wetu siyo.

Naomba watoto wenye vidonda vya miguu waruhusiwe kuingia na ndara zilizopanguswa. Kama haiwezekani, uwekwe ubao wa kuwekea viatu ndani ya mlango, na uwanja umwagiwe maji kila asubuhi kabla hatujafika. Maji tuko tayari kuyachota sisi akina mama.

Dresa wako amenicheka mbele za watu. Hilo sikuombi ulitibu. Mafuta ya kiboko ni shauri la nyumbani kwetu, na nitalimaliza mimi. Sharti ni lenu.

Nangoja jibu kwa maandishi."