Siku Kumi za Mbwa wa Mama

Mbwa wa mama alianza kuzunguka upande wa kushoto. Nilipigiwa simu siku ya tatu, na kufikia hapo mama alikuwa ameshamchoma.

Mimi ni daktari wa mifugo mjini Isiolo. Mama anafuga mbuzi upande wa Gotu, na huko mbuzi akianza kuzunguka ovyo, chuma hutiwa motoni akachomwa utosini. Mara nyingi mbuzi kama huyo ana lengelenge la minyoo ubongoni, na chuma hakilifikii. Nimelieleza hilo kwenye mabaraza mengi mbele ya watu wasionisikiliza, ila sikujua mmoja wao ni mama. Mama alimtibu mbwa vilevile, naye mbwa akamuuma mkono.

Niliudhika. Alinisomesha kwa mbuzi haohao, kisha mgonjwa alipopatikana akakimbilia moto. Mganga hajigangi, na mimi hata mama yangu simgangi.

Nilimpeleka hospitalini, akaanza sindano za kukinga kichaa cha mbwa. Tuliporudi, majirani walikuwa wakingoja na rungu, na kusema kweli niliwaunga mkono. Mbwa hakuwa amechanjwa. Siku niliyochanja mbwa wa eneo lile, yeye alikuwa malishoni na mbuzi, nami sikurudi tena. Nikasema auawe, kichwa kipelekwe maabara, tujue moja.

Mama aliketi kati yetu na mti aliofungiwa mbwa.

“Aliniuma juu nilimchoma,” alisema. “Wewe ukichomwa kichwa utacheka?”

Mbwa mwenye kichaa akishauma, kwa kawaida hamalizi siku kumi. Tukakubaliana tungoje hizo kumi, mama aendelee na sindano, na mtu yeyote asimguse mbwa.

Nilikwenda kila jioni kumtazama. Mama alimsukumia maji kwa fito ndefu. Mbwa alizunguka mti mpaka kamba ikaisha, akabaki ameegemeza paji la uso kwenye gome. Siku ya saba aliligonga sufuria lililokuwa upande wake wa kulia kana kwamba halipo; jicho la upande huo lilikuwa halioni. Hapo nilihisi kwamba si kichaa, ni ubongo uliovimba wenyewe, na dawa ya kutuliza uvimbe ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Lakini kuhisi hakutoshi, hasa mkono ulioumwa ukiwa wa mama yako. Niliogopa, nikangoja.

Siku ya kumi na moja alikuwa hai, nikaanza dawa. Wiki mbili baadaye alitembea amenyooka. Jicho la kulia halikuona tena. Sijui ni nini kilichouvimbisha ubongo wake, kwa maana hapa hatuna mashine ya kutazama ndani ya kichwa cha mbwa. Ningeanza mapema pengine angeona, na hilo bado linaniuma.

Sasa amerudi kwa mbuzi. Nikifika ananijia na kunilamba mkono, mimi niliyetaka kichwa chake kipelekwe maabara. Mama akimwita, anasimama mbali, mkia katikati ya miguu. Nilimwambia mama kwamba mbwa husahau.

Kila asubuhi mama anamimina uji kwenye lile sufuria, anarudi nyuma mpaka mlangoni, anageuka kumpa mgongo. Ndipo mbwa anakuja kula.