Gitaa Tuliloligawana

Juzi nilikaa ofisi ya kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Itigi, nikisubiri muhuri wa mwenyekiti. Karibu na dirisha lilining'inia gitaa, mali ya kijiji kizima. Walilinunua kwa fedha za asali ya pamoja ili vijana wajifunze kupiga. Halikuwa na uzi hata mmoja.

"Shikamoo mzee," nikamwambia mwenyekiti. "Nyuzi zake ziko wapi?"

"Marahaba. Vijana waligombana, bwana. Wengine wanasema muziki ni solo, kudonoadonoa kama Wakongo. Wengine wanataka ridhimu tu, watu wacheze. Tukaitisha mkutano."

"Mkutano ukaamua nini?"

"Wagawane sawasawa." Akainua mikono yote miwili, kama anayepima mizani. "Wa solo wakachukua nyuzi nyembamba, wa ridhimu wakachukua nene. Kila kundi limekwenda kuficha zake."

"Sasa anayejifunza ni nani?"

Mzee aligeukia dirishani. Alitazama gitaa, nami nikatazama. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwenye tundu lake.

"Na hawa?"

"Waache," akasema taratibu, akigonga muhuri. "Hawajaomba mkutano."

Nilirudi stesheni ya Itigi nimechoka zaidi kuliko nilivyokwenda. Tulihimizwa tumiliki pamoja, tukamiliki. Tukahimizwa tugawane kwa haki, tukagawana, na wala hakuna aliyedhulumiwa. Ukipita kijiji kile ukasikia sauti ndani ya gitaa, usisimame kusikiliza. Wapigaji hakuna. Ni nyuki.