Daftari la Karamu ya Polisi

Miaka ya themanini nilikuwa karani pekee wa chama kidogo cha kutetea maslahi ya polisi, huko Springfield, Marekani. Nilipoajiriwa, chama kilikuwa na akiba nono. Mwaka wa pili kilikuwa kinahema, maana mawakili walikuwa wanakitafuna na wanachama hawalipi ada. Mwaka wa tatu mweka hazina, sajini mstaafu mwenye mwili kama kabati, aliniambia kwamba karamu ya mwaka isipoleta pesa, kazi yangu imekwisha. Nami mshahara ule ndio uliokuwa ukisomesha wadogo zangu Tanga.

Siku ya karamu, mchana wa Jumapili, akaniweka mlangoni nikusanye viingilio. Hapo ndipo alipokosea. Kwetu mgeni akikuta chakula tayari, haulizwi kitu mpaka ashibe. Kumwambia atoe pesa ndipo ale ni kumtukana. Wakaja polisi na wake zao na watoto wamebebwa, mkono wangu ukakataa kabisa kunyooka. Nikawa nawaambia karibuni, piteni, mtalipa baadaye, huku nikiandika majina daftarini. Walikula kaa wa kuchemsha hadi meza zikajaa magamba, wakaaga vizuri, wakaenda zao.

Jioni sajini alifungua kisanduku, akakuta zile noti zake mwenyewe tu alizoniachia za kurudishia chenji. Alikaa kitako, akazihesabu upya. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kwenye mkutano wa wanachama niliomba dakika tano. Nikasimama na daftari nikasoma kama inavyosomwa michango ya harusi nyumbani: jina, alikuja na watu wangapi, bado hajatoa. Wanaume wanaovunja milango ya majambazi walikuwa wanatazama viatu vyao. Sijamaliza ukurasa wa kwanza, mmoja akaja mbele na pochi wazi, na wengine nyuma yake, hata ada za miaka iliyopita zikalipwa. Tangu hapo nikawa nasoma kila mwezi, na chama kikanenepa.

Baada ya mwaka sajini aliniita ofisini, uso umemchanua.

“Hesabu zetu hazijawahi kuwa nzuri hivi,” alisema. “Sasa tunaweza kumudu mhasibu mwenye shahada.”

Nilimpongeza kwa moyo wote, nikampa mkono. Nilikuwa nimeshafika kituo cha basi ndipo nilipoelewa kwamba nimeachishwa kazi.